Maji kwa Kipimo: Siri ya Jicho Angavu na Jicho Jeupe

Katika nyumba nyingi za Pwani hapakosi mzee ambaye mboni za macho yake zimeanza kufanya weupe. Sindano hawezi tena kuitunga uzi, msahafu auweka mbali kisha karibu, na jua la mchana lamkera kuliko zamani. Watu wa nyumbani husema, "Ni mtoto wa jicho, bado hajakomaa." Huyu ataleta asali, yule maji ya majani yaliyochemshwa, na wa tatu atasema huo ni uzee tu, hauna dawa. Miezi hupita, pengine miaka, na mzee akazoea kushikwa mkono hata kwenda msalani.

Makala haya yanahusu weupe huo. Twataka kueleza jicho hupataje uwazi wake na huupotezaje, kwani anayejua sababu ya weupe hatatia jichoni kila anacholetewa, wala hatangoja pasipo haja ya kungoja. Na sababu hiyo, mara nyingi, yarudi kwenye kitu kimoja, nacho ni maji. Jicho limejaa maji, lakini ni maji yaliyopimwa. Yakizidi, yakipungua, au yakiingia mahali pasipo pake, nuru haipiti.

Majina waliyoyaacha matabibu wa kale

Ngozi, nyama, ini na mishipa, vyote vimejaa maji, wala hakuna hata kimoja ambacho mtu aweza kutazama kupitia kwake kama atazamavyo dirishani. Jicho limehitilafiana navyo. Jambo hili liliwashangaza matabibu wa zamani, na mshangao wao tunauona katika majina waliyoyachagua. Hunayn bin Is'haq, tabibu na mfasiri wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, aliandika kwa Kiarabu risala kumi juu ya jicho. Katika elimu hiyo, kioo cha mbele ya jicho kiliitwa karniya, kutokana na karn, yaani pembe, kwa kuwa chafanana na pembe iliyochongwa ikawa nyembamba mpaka ikapitisha mwanga. Maji yaliyo nyuma ya kioo hicho yaliitwa baidhiya, kwa kufanana na ute wa yai. Lenzi iliitwa jalidiya, kutokana na jalid, barafu. Na ute mzito unaojaza sehemu ya nyuma uliitwa zujajiya, kutokana na zujaj, kioo.

Ugonjwa wa weupe wa mboni waliuita maji. Walidhani kuwa maji hushuka kutoka kichwani, yakatulia nyuma ya mboni, yakagandamana. Mpaka leo Waarabu wauita maji meupe, na jina lake katika lugha za Ulaya latokana na maporomoko ya maji. Dhana hiyo ilidumu kwa karne nyingi, hata mwaka 1705, tabibu Mfaransa aitwaye Brisseau alipopasua jicho la askari aliyekwisha kufa na kuonyesha kwamba hapakuwa na maji yoyote yaliyoshuka: lenzi yenyewe ndiyo iliyokuwa imegeuka. Basi wazee walikosea mahali pa ugonjwa, lakini kulitaja neno maji hawakuwa mbali na ukweli, kama tutakavyoona.

Nyuzi zile zile, weupe huku na uwazi kule

Mtazame mtoto machoni. Utaona weupe, na katikati utaona duara jeusi au la kahawia. Juu ya duara hilo pana kioo kisichoonekana kwa jinsi kilivyo safi. Matabibu wakiita konea, nayo ndiyo karniya ya wazee. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Weupe wa jicho na konea ni ukuta mmoja ulioungana, na vyote viwili vimefumwa kwa nyuzi za aina moja, nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo ndizo pia zinazoshika ngozi na kano zetu. Vipi basi upande mmoja uwe mweupe kama chokaa na wa pili uwe kama hewa?

Jawabu ni mpango na maji. Katika konea nyuzi hizo ni nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara elfu mbili, zote zakaribia kulingana unene, na zimepangwa kwa nafasi sawasawa. Mfano wake ni shamba la minazi lililopandwa kwa safu. Simama mwanzo wa safu, utaona mpaka mwisho wa shamba. Lakini ukisimama mbele ya kichaka ambacho miti imeota ovyo, minene na myembamba, macho yako hayafiki mbali. Weupe wa jicho ndio kichaka hicho: nyuzi zake hazilingani unene na zaelekea kila upande, kwa hiyo mwanga ukiingia hutawanyika na kurudi, nasi twaona weupe.

Na maji nayo hayalingani. Konea ina maji kiasi cha asilimia 78 ya uzito wake, na weupe wa jicho kiasi cha asilimia 70. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kila upande wategemea kipimo chake. Daktari apasuaye jicho hulazimika kuulowesha ule weupe mara kwa mara, maana ukikauka huanza kupoteza weupe wake, na rangi nyeusi iliyo chini yake ikachomoza. Konea ni kinyume chake: yenyewe huharibika kwa kulowa kupita kiasi. Konea iliyotolewa jichoni ikiwekwa katika maji matupu huyanywa, hufura mara kadhaa ya unene wake, na hugeuka nyeupe. Yale maji yaliyozidi huingia baina ya nyuzi, yakazisukuma, safu zikavurugika, na shamba likawa kichaka.

Pampu isiyopumzika

Ikiwa konea ina kiu namna hiyo, na nyuma yake pana maji usiku na mchana, ni nini kinachoizuia isifure? Nyuma ya konea pametandikwa utando mmoja wa chembe hai, uliopangwa kama vigae. Kazi yake ni kuyarudisha maji yaliyopenya, dakika baada ya dakika, muda wote wa uhai. Uwazi wa jicho, basi, si jambo lililofanywa mara moja likaachwa. Ni kazi inayofanywa bila ya kukoma.

Chembe hizo zina sifa moja inayotupasa tuwe waangalifu, kwamba zikifa hazizaliwi nyingine kuziba pengo. Kijana huwa na kama 3,000 katika kila milimita moja ya mraba. Hupungua polepole kwa umri, na hupungua kwa haraka kwa jeraha, kwa maradhi au kwa upasuaji. Zinazobaki hujitanua kufunika mahali. Lakini zikipungua mpaka kufikia mia tano hivi, maji huanza kuzishinda.

Konea haina mishipa ya damu, kwani mshipa ungeziba mwanga. Hewa yake huivuta moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Tunapolala na kufunga macho, hewa hupungua, machozi hayapigwi na upepo, na konea hufura kidogo, kiasi cha asilimia 3 au 4. Kwa mtu mwenye afya uvimbe huo hautambuliki, nao huondoka mara aamkapo. Bali mtu ambaye pampu yake imechoka huamka na ukungu mzito, na kila jua linavyopanda ukungu hupungua. Mzee akisema, "Asubuhi sioni, lakini ikifika adhuhuri nina nafuu," asidharauliwe. Amempa daktari habari yenye thamani kubwa.

Hapa twapenda kuwausia binti zetu juu ya lenzi za rangi ambazo maharusi wamezoea kuvaa siku za arusi. Lenzi hiyo hukaa juu ya konea na kuizuia hewa. Kulala nayo ni kulinyonga jicho. Kuiosha kwa maji ya bomba au ya kisima, au kwa mate, ni kuvipeleka vijidudu mahali ambapo hapana damu ya kupigana navyo upesi. Na kupeana, leo bibi arusi, kesho dada yake, ni kupeana maradhi. Kidonda cha konea kikipona huacha kovu jeupe, na kovu hilo haliondoki kwa dawa ya matone.

Lenzi na ute wa yai

Nyuma ya mboni imekaa lenzi, jalidiya ya wazee. Thuluthi mbili zake hivi ni maji, na thuluthi iliyobaki ni protini, nyingi kuliko karibu kila tishu nyingine mwilini. Protini hizo zimesongamana kwa utulivu, hata mwanga wapita kana kwamba hapana kitu. Na jambo la ajabu ni kuwa sehemu ya katikati ya lenzi hutengenezwa mtu angali tumboni mwa mamake, wala haibadilishwi tena. Mzee wa miaka 80 anatazama kupitia protini alizozaliwa nazo.

Kila mama amevunja yai juu ya kikaango akaona ute wake ukiwa safi, kisha ukapata moto ukageuka mweupe. Haukuongezwa kitu: protini zilizokuwa mbalimbali katika maji zimefumuka zikashikana, na mshikamano huo wautawanya mwanga. Katika lenzi jambo kama hilo hutendeka pole pole kwa miaka mingi. Protini hushikana mafungu mafungu, maji yakatengana nazo, na pengine yakajikusanya katika nafasi ndogo ndogo. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Si utando uliojitanda juu ya jicho hata ukwaruzwe, wala si uchafu hata uoshwe. Na kama vile ute wa yai lililoiva haurudi kuwa maji, hakuna asali, majani wala matone yatakayoirudisha lenzi ilivyokuwa.

Mtoto wa jicho ndiye sababu ya kwanza ya upofu duniani, na pia ni katika maradhi ambayo tiba yake imekwisha kufahamika. Daktari huitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya plastiki. Fikra hiyo ilitokana na tabibu Mwingereza, Harold Ridley, aliyeona wakati wa vita kuu vya pili kwamba vipande vya dirisha la ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa bila ya kuleta madhara makubwa. Mwaka 1949 mjini London akaweka lenzi ya kwanza. Leo kazi hiyo kwa kawaida haitimizi saa moja, na mgonjwa hutiwa ganzi ya jicho tu. Wala hapana haja ya kungoja "akomae". Wakati wa kwenda ni pale mtu anaposhindwa na shughuli zake. Anayengoja mno, lenzi yaweza kunywa maji ikafura na kuziba njia, na hapo maumivu makali na hatari ya kupofuka vikaingia. Na aendaye kwa mganga wa kusukuma lenzi kwa sindano, ajue kuwa ameiacha lenzi hiyo ielee ndani ya jicho na kuliharibu.

Sukari huvuta maji

Ambaye sukari yake ya damu imepanda, sukari hiyo huingia pia katika lenzi, na sehemu yake hugeuzwa sukari ya aina nyingine isiyoweza kutoka kwa urahisi. Nayo huyavuta maji kama chumvi ivutavyo maji ya embe mbichi katika achari, lenzi ikafura na umbo lake likabadilika. Mtu aliyekuwa akisoma vizuri hujiona leo haoni mbali, na baada ya wiki chache, sukari iliposhuka, akaona vingine. Wako walionunua miwani mara mbili katika mwezi mmoja kwa sababu hiyo. Nasaha yetu ni kwamba sukari itulizwe kwanza, kisha ndiyo miwani ipimwe. Na mwenye kuona macho yake yabadilika badilika hivyo bila ya kujua sababu, apimwe sukari. Hali hiyo ikidumu, mtoto wa jicho humjia mapema kuliko wenzake, na mishipa ya retina nayo huharibika.

Maji yenye mwendo na maji yaliyotulia

Baina ya konea na lenzi mna maji safi yanayotembea. Hutengenezwa ndani ya jicho, huzilisha konea na lenzi ambazo hazina damu, kisha hutoka kwa mifereji midogo iliyo pembeni, na kwa kiasi cha kila dakika 100 huwa yamebadilika yote. Haya si machozi, na wala kulia hakuyapunguzi. Mifereji ikiziba, maji hujaa na presha ya jicho hupanda. Mara nyingi hupanda kwa kimya, ikila mshipa wa kuonea bila ya maumivu. Lakini pengine hupanda ghafla, maji yakalazimishwa kuingia katika konea, na hapo mtu huona duara za rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa, jicho likawa jekundu, kichwa kikamuuma na matapishi yakamshika. Huyo hangojei asubuhi.

Nyuma ya lenzi mna zujajiya, ute unaojaza karibu sehemu nne kati ya tano za jicho. Asilimia 98 na zaidi ya ute huo ni maji, yaliyoshikwa na nyuzi chache yakatulia. Umri ukizidi, ute huyeyuka hapa na pale, na vivuli vidogo kama nzi au nyuzi vikapita mbele ya macho. Vichache vilivyozoeleka havina madhara. Vikija vingi kwa ghafla, vikifuatana na mwanga wa kumulika kama umeme au pazia jeusi pembeni, retina huenda inabanduka, na daktari aonwe siku hiyo hiyo.

Jicho likikauka

Tumesema sana juu ya maji yaliyozidi, na upungufu nao una hatari zake. Uso wa konea huhitaji machozi yenye tabaka la mafuta juu yake ili yasikauke. Mwanamke aliyekoma hedhi hupatwa na ukavu wa macho zaidi kuliko wengine, na sote tunapotazama simu kwa muda mrefu hupunguza kupepesa. Kwa mtoto, ukavu wa hatari hutokana na upungufu wa vitamini A: huanza kwa kutoona wakati wa magharibi, kisha jicho likapoteza mng'ao wake, na mwisho konea ikalainika na kuoza. Surua huongeza hatari hiyo. Kinga yake ipo jikoni mwetu: mchicha, maboga, papai, maembe, mayai na maini, pamoja na matone ya vitamini A ambayo mtoto hupewa kliniki kila miezi sita, tangu miezi sita hadi miaka mitano.

La kufanya nyumbani

Kwanza, weupe wowote katika mboni ya mtoto mchanga ni dharura. Vivyo hivyo mtoto mwenye macho makubwa kupita kawaida, yenye ukungu, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga: huenda presha imelinyoosha jicho na maji yakaingia katika konea. Haponi kwa maziwa ya mama kudondoshewa jichoni, wala kwa kungoja akue.

Pili, chokaa. Katika nyumba za tambuu chokaa huachwa mahali pa kufikiwa na watoto, na chokaa ikiingia jichoni huunguza mpaka ndani, konea ikageuka nyeupe. Hapa maji ndiyo dawa. Oshea hapo hapo maji mengi safi yanayotiririka, kope zikifunuliwa na chembe zikitolewa, kwa muda wa nusu saa, kisha kimbilia hospitali. Mtu wa kwanza kupandikizwa konea ya mwanadamu ikabaki angavu alikuwa kibarua aliyeunguzwa na chokaa. Alitibiwa na Dkt. Eduard Zirm mjini Olomouc, tarehe 7 Desemba 1905, kwa konea ya mvulana wa miaka 11 aliyelazimika kutolewa jicho.

Tatu, asinunue mtu matone ya macho dukani kwa kuwa yalimfaa jirani. Yako ambayo huondoa wekundu na muwasho upesi, lakini yakitumiwa kwa miezi hupandisha presha ya jicho na kumleta mtoto wa jicho kwa kijana.

Nne, wako wagonjwa wa presha ya macho wanaoacha matone mwezi wa Ramadhani kwa kuchelea saumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, jicho si tundu la wazi liendalo tumboni, na kitiwacho jichoni hakifunguzi hata ladha yake ikifika kooni. Mshipa wa kuonea ukifa haurudi. Basi na waendelee na dawa zao kwa utulivu wa moyo.

Wasomao Sura ya Yusuf wanakumbuka jinsi macho ya Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, yalivyofanya weupe, na furaha ilivyokuwa aliporudishiwa uoni. Yule mzee wetu aliye kitako barazani, anayewatambua wajukuu zake kwa sauti, furaha kama hiyo huenda i karibu naye kuliko tunavyodhani. Hajapimwa tu. Wiki hii mmoja wenu na amshike mkono, safari hii si kumpeleka msalani, bali kwa daktari wa macho.